Ijumaa si siku ya kumtoa mtu jela

Niliachiwa siku ya Ijumaa, saa tisa kasorobo alasiri. Naikumbuka saa hiyo kwa sababu askari wa mapokezi aliiandika kwenye daftari lake kubwa, nami nikaisoma kichwa chini miguu juu kabla hajanigeuzia nitie sahihi. Karani ni karani, hata jela. Kisha akamwaga mezani vitu nilivyoingia navyo miezi 18 kabla: hereni, simu iliyozimika, kitambulisho kilichokuwa kimeisha muda wake, na funguo mbili za nyumba ambayo sikuwa mpangaji wake tena. Akavitaja kimoja kimoja na kutia alama ya vema. Kwenye hereni akasita.

"Zilikuwa mbili?"

Nikamwambia ilikuwa moja. Haikuwa kweli, ila nilitaka kutoka.

Siku hizi mimi na wenzangu wanne tunawapokea watu wanaomaliza vifungo. Wanaosikia habari zetu hutuuliza kuhusu toba, ushauri nasaha na mabadiliko ya tabia. Maswali mazuri. Mimi huanza kwa kuwasimulia ile Ijumaa, nami huona nyuso zinavyonywea, kama mtu aliyekuja kusikiliza mawaidha akapewa fomu ajaze.

Lakini fomu ndiyo habari yenyewe. Ukitoka saa tisa kasorobo siku ya Ijumaa, hadi ufike unakokwenda, ofisi zimeshafungwa au mhudumu ameshatia mkoba begani. Jumamosi hakuna kitu. Jumapili hakuna kitu. Mimi nilikuwa na bahati, mdogo wangu alikuja kunipokea langoni. Usiku ule aliniazima simu yake, nikapiga namba yangu mwenyewe, ile niliyokaa nayo miaka tisa, nikitaka tu kujua kama bado inaita. Iliita. Akapokea mwanaume mwenye sauti ya upole, nyuma yake mtoto analia.

"Haloo? Haloo? Nadhani umekosea namba, mama."

Nikamwomba radhi, nikakata. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hupewa mtu mwingine. Nilikuwa nalijua jambo hilo, ila nililijua kama tunavyojua mambo yanayowapata wengine. Namba ile ndiyo iliyokuwa imeandikishwa benki. Ndiyo iliyokuwa shuleni kwa mwanangu. Ili kuhuisha kitambulisho nilitakiwa niwe na namba ya simu yenye jina langu, na ili nisajili namba nilitakiwa niwe na kitambulisho kilicho hai. Nilizunguka kwenye duara hilo siku 23. Nilizihesabu, maana jela inakufundisha kuhesabu na kuhesabiwa.

Miaka michache baadaye nilisoma kwamba Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2023 inayoruhusu mfungwa ambaye siku yake ya kutoka imeangukia Ijumaa, au siku ya kuamkia sikukuu, atolewe hadi siku mbili za kazi kabla, ili akute ofisi ziko wazi. Nilimtumia mdogo wangu habari hiyo bila kuongeza neno. Akanijibu: "Kumbe dada, hata kule waliiona Ijumaa." Bunge zima limekaa, limejadili, limepiga kura kuhusu siku ya Ijumaa. Mtu ambaye hajawahi kutoka jela anaweza kuona ni mchezo.

Tena wala si wazo geni. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zile zilizoandikwa upya mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, aliyekaa kifungoni miaka 27, zinalitaja jambo hili waziwazi. Kanuni ya 108 inasema anayeachiwa apatiwe hati na vitambulisho vyake, awe na mahali pa kukaa na kazi, awe na nguo zinazofaa kwa hali ya hewa ya msimu, na awe na chochote cha kumfikisha kwao na kumsogeza siku za mwanzo. Hiyo ya nguo huwa nairudia kuisoma. Mtu aliyeiandika alimwona mfungwa akitoka na nguo za msimu mwingine, mimi siamini vinginevyo. Na kanuni inayotangulia, ya 107, inasema maisha ya mtu baada ya kutoka yaanze kufikiriwa tangu mwanzo wa kifungo chake. Tangu mwanzo. Sisi tumejitahidi, tumeweza miezi miwili kabla. Tunaingia, tunakaa na mtu kwenye benchi, tunamuuliza kitambulisho chake kinaisha lini, namba yake ya simu anayo nani, na usiku wa kwanza atalala wapi. Swali la tatu ndilo linalochukua muda. Wengi hujibu haraka, "Kwa ndugu zangu." Ukiuliza ndugu gani, na kama anajua kwamba unakuja, hapo kimya kinaingia.

Niseme sasa nilichofanya, maana sipendi msomaji aendelee kukisia. Nilikuwa karani wa hesabu kwenye chama cha kuweka na kukopa. Nilighushi risiti za matumizi kwa muda wa mwaka mmoja na kitu. Nilianza kwa kukopa, hivyo ndivyo nilivyojiambia, na kila mwezi niliahidi nafsi yangu kurudisha. Waliopoteza akiba zao nilikuwa nawajua kwa majina. Mmoja alikuwa akiweka kidogo kidogo kwa ajili ya upasuaji wa macho wa mama yake.

Nayasema haya kwa sababu katika kazi hii kuna neno linalopita kwenye ndimi za watu kwa wepesi mno. Husema hawa ni wafungwa wa makosa madogo, hawakutumia nguvu, hawakumwaga damu, kwa hiyo ni rahisi kuwarudisha. Kweli sikumpiga mtu. Hata hivyo, siku niliyosomewa hukumu yule mwenye mama wa macho alikuwa amekaa safu ya pili, na hakunitazama hata mara moja. Ukiniambia kosa langu halikuwa na mtu ndani yake, nitajua hukuwepo chumbani mle. Wapo kweli waliofungwa kwa kushindwa kulipa faini, au kwa kukutwa na kete mbili za dawa za kulevya mfukoni, na hao wana kesi tofauti na yangu. Tusiwachanganye wote kwenye kapu moja halafu tukaliita kapu hilo "wasio na hatari".

Wa kete wana hatari yao wenyewe, na hiyo inawakabili wao kuliko sisi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 30,000 walioachiwa kutoka magereza ya jimbo la Washington. Katika wiki mbili za kwanza, uwezekano wa mtu aliyetoka kufa ulikuwa karibu mara 13 ya ule wa wakazi wengine wa jimbo hilo wanaolingana naye kwa umri na jinsia. Sababu iliyoongoza ni dawa za kulevya kuzidi mwilini. Ukikaa miezi bila kutumia, mwili husahau. Mtu anatoka, anakutana na wenzake, anachukua kipimo kilekile cha zamani, na mwili ule wa zamani haupo tena.

Tulimpoteza mmoja siku ya tisa. Alikuwa na miaka 24, mcheshi, alikuwa ameniahidi kunifundisha kutumia ramani ya simu. Siku ya nane nilimpigia, akasema yuko sawa, dada, nimechoka tu. Nikaridhika. Tangu hapo hatuulizi kwa simu kama mtu yuko sawa, tunakwenda. Wiki mbili za kwanza tunakwenda kila siku, mmoja wetu, hata kama ni kukaa dakika kumi na kuondoka. Na kwa wale wenye historia ya dawa tunalisema jambo la kipimo waziwazi kabla hawajatoka, mbele ya mtu wa familia. Mwanzoni baadhi ya ndugu walikasirika, waliona kama tunamfundisha mtu kurudia. Sasa nawaambia habari ya siku ya tisa, na hakuna anayekasirika.

Sasa kazi. Hapa nina doa langu jingine.

Tulikuwa na mtu nitakayemwita Fundi. Alifungwa miaka miwili kwa kuiba mabati kwenye jengo alilokuwa akilinda. Ndani alijifunza useremala, na alijifunza hasa, maana aliyemfundisha alikuwa mfungwa mzee asiyekubali kiungo kilicholegea. Alitoka na cheti. Tatizo la cheti kile ni kwamba juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko jina la Fundi mwenyewe, limeandikwa jina la gereza. Aliponionyesha mara ya kwanza alikuwa ameikunja ile sehemu ya juu kwa nyuma. Alikuwa ameikunja na kuikunjua mara nyingi hivi kwamba mkunjo ulikuwa umeshaanza kuchanika pembeni, na wino wa mstari wa kwanza umefifia. Ukimpa mtu karatasi iliyokunjwa namna ile, jambo la kwanza atakalofanya ni kuikunjua.

Basi nikaamua kumsaidia. Nilimpigia mwenye karakana niliyefahamiana naye tangu zamani, nikamwambia nina ndugu yangu, fundi mzuri, alikuwa mbali kikazi. Alikuwa mbali kikazi! Fundi alipata kazi siku ileile. Alifanya wiki nne bila kasoro. Wiki ya tano akaja mteja aliyemtambua, akamnong'oneza mwenye karakana, na jioni Fundi akaitwa. Hakuna kilichopotea pale, hata msumari. Mwenye karakana alinipigia mimi, akaniuliza swali moja tu: "Kwa nini hukuniambia?" Sikuwa na jibu. Mtu aliyefungwa kwa kughushi nilikuwa nimeghushi tena, safari hii maisha ya mtu mwingine, na yeye ndiye aliyelipa.

Fundi hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Najua kwa nini nilidanganya, na sikuwa mjinga kuogopa. Kuna utafiti wa mwanasosholojia Devah Pager, uliochapishwa mwaka 2003, alioufanya mjini Milwaukee, Marekani. Alichukua vijana wa chuo, wenye adabu na sifa zinazolingana, akawatuma kuomba kazi za kawaida kwa waajiri 350. Kwa zamu, mmoja katika kila jozi alijitambulisha kwamba amewahi kufungwa kwa kosa la dawa za kulevya. Vijana wa kizungu wasio na rekodi waliitwa tena asilimia 34. Wenye rekodi, asilimia 17, yaani nusu. Vijana weusi wasio na rekodi waliitwa asilimia 14, chini ya mzungu mwenye rekodi, na weusi wenye rekodi asilimia 5. Hawakuwa wafungwa kweli, kumbuka. Yote yalikuwa maneno kwenye fomu. Kifungo cha kubuni alichowapa kilikuwa cha miezi 18. Nilipofika hapo niliiweka chini ile karatasi nikaenda kufua.

Kutokana na mambo kama hayo Wamarekani wana kampeni ya kuondoa kwenye fomu ya kazi kile kisanduku kinachouliza "Umewahi kuhukumiwa?", ili mwajiri amwone mtu kwanza, rekodi baadaye. Hawaii ilitangulia mwaka 1998. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1974, hukumu nyingi zikishapita muda fulani huhesabiwa kuwa zimekwisha, na kwa kazi nyingi mtu halazimiki kuzitaja. Nazipenda sheria hizo. Ila Fundi alikuwa anahitaji kazi wiki ileile, na mwenye karakana hasomi sheria.

Tulichofanya baada ya fedheha yangu ni barua. Ukurasa mmoja, hauzidi. Inasema mtu huyu alifanya nini, alikaa muda gani, alijifunza nini, tangu atoke amefanya nini, na namba za watu wawili wanaoweza kuulizwa. Haina maneno ya huruma. Rasimu ya kwanza niliyoandika ilikuwa nayo tele, mwenzetu mmoja akayafuta yote kwa kalamu nyekundu akisema, "Hii ni barua ya kazi, siyo tanzia." Na tukakubaliana kwamba barua inakwenda pamoja na mtu, siku hiyohiyo, na mtu anaanza kwa kuonyesha mkono wake.

Tulikwenda na Fundi kwa mama mmoja mwenye karakana ndogo, mjane aliyeirithi kwa mumewe na kuiendesha vizuri kuliko marehemu, kwa ushuhuda wake mwenyewe. Nikampa barua. Hakuifungua. Alimnyooshea Fundi ubao uliokuwa umeegemezwa ukutani, akasema, "Hebu upige randa huo nione." Fundi akaishika randa, akaigeuza, akachungulia ulimi wake, akaugonga mara moja kwa ubao mdogo kuurekebisha. Mama akaliona hilo. Ndipo akafungua barua. Alisoma huku nyuma yake kile kisauti cha randa kikienda, shaa, shaa, na maranda yakitoka mamoja, marefu, yamejikunja bila kukatika.

"Miaka miwili?" akauliza bila kugeuka.

"Ndiyo, mama."

"Ulimpiga mtu?"

"Hapana, mama. Niliiba mabati."

Akakunja barua, akaitia mfukoni mwa aproni. "Hapa hakuna mabati. Jumatatu saa moja."

Sitaki mtu adhani mambo yaliishia hapo kwa furaha. Siku ya tatu yule mama alinipigia amekereka. Fundi alikuwa akimwomba ruhusa ya kwenda chooni. Alikuwa akimwomba ruhusa ya kunywa maji. Akimaliza kazi moja anasimama palepale, mikono nyuma, anangoja aambiwe ya pili. "Ni mtu mzima huyu au mtoto?" Nilimweleza kwamba kwa miaka miwili mtu huyu hakufungua mlango hata mmoja kwa mkono wake. Mlango ulifunguliwa, akapita. Mimi mwenyewe wiki za mwanzo kwa mdogo wangu nilikuwa nikifika mlangoni nasimama kidogo, nangoja, kisha nakumbuka. Na jioni, saa ya kuhesabiwa, magoti yangu yalikuwa yakitaka kuchuchumaa yenyewe. Mama akasikiliza, akasema, "Basi nitamwambia mara moja tu kwamba hapa choo hakiombwi." Na ndivyo alivyofanya. Ilichukua kama mwezi mzima.

Hii ndiyo sehemu ninayotamani waajiri waielewe. Wengi wanaogopa kuibiwa. Wakimwajiri, wanachokutana nacho ni mtu anayengoja kuamriwa, na wanadhani ni uvivu. Wapo wanaojua. Kampuni ya Timpson ya Uingereza, inayotengeneza viatu na kuchonga funguo, kwa miaka mingi imeajiri watu waliotoka gerezani, karibu mmoja kati ya kila kumi wa wafanyakazi wake, na baadhi yao huanza kufundishwa wakiwa bado ndani. Aliyekuwa akiiongoza, James Timpson, mwaka 2024 alifanywa waziri wa magereza. Unampa mtu aliyefungwa kazi ya kuchonga funguo za nyumba za watu. Ningelipa kiingilio kuwatazama wateja wanapogundua.

Sijui viatu vina nini. Yule anayehesabiwa baba wa kazi hii ya kumwangalia mtu akiwa uraiani badala ya kumfunga, John Augustus, alikuwa fundi viatu mjini Boston. Mwaka 1841 alikuwa mahakamani, akamwona mlevi akisubiri kusomewa hukumu, akamwomba hakimu amruhusu kumdhamini. Akamrudisha wiki tatu baadaye, mtu amevaa vizuri, hajalewa, hakimu akampa faini ya senti moja na gharama za kesi. Augustus aliendelea hivyo hadi karibu na kifo chake mwaka 1859, na waliopita mikononi mwake walikaribia 2,000. Huku kwetu barani Afrika, Zimbabwe ilianza mapema miaka ya 1990 kuwapa wenye makosa madogo kazi za kuhudumia jamii badala ya kifungo, na mwaka 1997 wajumbe kutoka nchi mbalimbali walikutana Kadoma wakatoa azimio la kuueneza mpango huo. Nalitaja kwa kupita, ila lina uzito wake: asiyeingia hana haja ya kurudishwa, na hakuna atakayempa namba yake ya simu mtu mwingine.

Nyumbani ni habari ya peke yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyetoka jela hupewa ugeni usiokwisha. Hakuna anayempa jembe. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alinitunza kama yai. Nikitaka kuosha vyombo, "Pumzika, wifi." Nikitaka kufagia, "Acha tu, wifi." Na kila jioni, kabla ya kulala, alikuwa akiuchukua mkoba wake kwenye kiti cha sebuleni na kuingia nao chumbani. Alikuwa akiuchukua kwa namna ya mtu anayejifanya amekumbuka jambo jingine. Sikumlaumu. Mimi ningeuchukua mapema zaidi. Nalitaja tu kwa sababu ndugu hutuambia, "Tumemsamehe, tumempokea, mbona haonekani kufurahi?" Muulizeni anafanya kazi gani humo ndani. Muulizeni mkoba unalala wapi.

Mwanangu alikuwa na miaka tisa nilipotoka. Siku ya pili au ya tatu alinivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kama mwanasheria anayemwelekeza shahidi wake: "Mama, wakikuuliza shuleni, ulikuwa unasoma. Nje ya nchi." Alikuwa ameshaijenga hadithi nzima. Nilikuwa na chuo, nilikuwa na mwenzangu wa chumbani, hata baridi ya huko aliijua. Nilikaa chini. Nikamwambia sitamwaibisha mbele ya wenzake, lakini mimi mdomo wangu hautasema hivyo, kwa sababu nimeshachoka na maneno ya namna hiyo. Akaniuliza, "Sasa utasema nini?" Nikamwambia nitasema nilikuwa sipo, sasa nipo. Alifikiri. "Hiyo ni fupi sana," akasema.

Kuhusu fedha nilizoiba, mahakama iliamuru nilipe. Ningeweza kulipia kwenye akaunti na kumaliza. Afisa aliyenisimamia ndiye aliyesema, kama hutaogopa, nenda ukalipe kwa mkono. Niliogopa, nikaenda. Mweka hazina wa chama sasa ni mwanamke mwingine, mtu wa umri wangu, aliyechukua nafasi hiyo wakati kila mwanachama anamtazama mweka hazina kama mwizi, kwa sababu yangu. Mara ya kwanza hakunikaribisha kiti. Alipokea, akahesabu mbele yangu mara nne, akilamba kidole kila mara, na karani mwingine kaitwa kushuhudia. Akaandika risiti. Aliisoma kwa sauti, akaigonga muhuri, akanipa nakala yangu bila kunitazama. Nilitoka pale shati limelowa.

Nimekwenda kila mwezi tangu hapo. Mwezi uliopita nilimkuta peke yake. Yule mwenye mama wa macho alikuwa anatoka, tukapishana mlangoni, akasema, "Habari," nami nikasema, "Nzuri," na hayo ndiyo maneno pekee tuliyowahi kusemeshana tangu mahakamani. Nikakaa, kwa sababu siku hizi kiti kipo. Mweka hazina akapokea, akahesabu mara mbili.